Lain inasumbua kwenye deki: ni diski, ni deki, au ndivyo ilivyotengenezwa?

Boksi la diski za Serial Experiments Lain, katuni ya Kijapani, lina kasheshe moja ambayo sijaikuta kwenye anime nyingine niliyo nayo kabatini. Mwenye nalo hulalamikia vitu ambavyo si vibovu, na vilivyo vibovu kweli anaviacha vipite akidhani ni sanaa.

Chanzo ni tamthilia yenyewe. Ilirushwa Japani mwaka 1998, sehemu 13, ikaongozwa na Ryutaro Nakamura, ikaandikwa na Chiaki J. Konaka, wahusika wakachorwa na Yoshitoshi ABe. Binti wa shule aitwaye Lain Iwakura anaingia kwenye mtandao unaoitwa Wired, na kadiri anavyozama ndivyo inavyokuwa vigumu kujua kipi kiko mtandaoni na kipi kiko mtaani. Basi waliitengeneza ifanane na habari yake. Picha inaingia chenga makusudi. Nyaya za umeme zinavuma makusudi. Vivuli vya ukutani vina madoa mekundu kama wino uliomwagika, makusudi vilevile. Mpe mtu diski hiyo ajaribie deki aliyonunua jana, saa tano usiku, halafu muulize kama deki ni nzima.

Mimi nina toleo la Marekani la kampuni ya Funimation la 2012, lile lenye Blu-ray na DVD pamoja. Nina pia diski mbili kati ya zile DVD nne za zamani za Pioneer, zilizoitwa Navi, Knights, Deus na Reset. Ninayoyaandika hapa nimeyapitia kwa hizo, ila sehemu kubwa yatamfaa hata mwenye boksi la Kijapani la 2010 lililosafishwa upya, au mwenye anime nyingine yoyote ya zamani kwenye Blu-ray.

Kwanza kabisa: chenga si ugonjwa wa diski

Hili likikaa kichwani, nusu ya maswali yanaisha. Diski ya Blu-ray au DVD ikishindwa kusomeka haitoi chenga. Chenga zile za runinga ya antena, mistari inayotetemeka, picha kuvutika upande mmoja na kurudi, ni mambo ya mawimbi, na kwenye diski hayapo isipokuwa mtu ameyaweka. Diski mbovu inaumwa kwa namna yake: picha inavunjika vipande vya mraba, uso wa mtu unabaki pale pale huku mwili umeshaondoka, sauti inakata ghafla kama imekatwa kwa wembe, au kila kitu kinaganda na deki inaanza kukwaruza kwa ndani.

Kwa hiyo ukiona kitu cha ajabu, jiulize tu: ni miraba au ni mistari? Mistari, endelea kutazama. Miraba, endelea kusoma.

Ukiwa bado na shaka, rudi nyuma sekunde kumi uangalie tena. Kikitokea sekunde ile ile na kwa umbo lile lile, ama kimechorwa ama kipo kwenye diski. Kikihama au kikipotea, mtuhumiwa ni deki, waya au umeme. Ukiweza kupata deki ya jirani, jaribu diski hiyo hiyo kule. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho, na fundi yeyote mwenye akili ataanza nacho.

Kuna mambo mengine ambayo watu huyaripoti kama hitilafu na hayana dawa kwa sababu hayana ugonjwa. Kila sehemu inaanza kwa maneno yale yale na kicheko kile kile, kisha barabara ya usiku yenye watu wengi. Hujaweka diski ile ile mara mbili. Sehemu ya 9 inakatiza hadithi na kuanza kueleza habari za Roswell, 1947, kisa cha madai ya chombo cha anga, na mashine ya kufikirika ya Memex ya mwanasayansi Vannevar Bush, kama vile mtu amebadilisha chaneli. Sehemu ya 11 inaanza na vipande vya sehemu zilizopita vilivyounganishwa juu ya gitaa, karibu bila mazungumzo. Nilimwazima rafiki yangu mmoja boksi hili, akanirudishia baada ya siku tatu akisema diski ya pili imerekodiwa vibaya, inarudia ilikotoka. Nikamwambia arudi nayo nyumbani akamalizie.

Deki inaikataa diski kabisa

Ukiweka diski ukaletewa ujumbe kwamba haiwezi kuchezwa katika eneo lako, usiipanguse, usiigeuze, usiilaumu. Ni kufuli la maeneo, na kwa sisi wa Afrika Mashariki ndilo tatizo namba moja la boksi hili.

Waliotengeneza Blu-ray waliigawa dunia mafungu matatu. Eneo A ni Amerika zote, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. Eneo B ni Ulaya, Mashariki ya Kati, Australia na Afrika nzima. Eneo C ni China bara, India, Urusi na majirani zake. Toleo la Marekani la Lain ni la A. Deki iliyouzwa rasmi Dar es Salaam, Nairobi au Maskati ni ya B. Hapo hakuna mjadala.

DVD zina mgawanyo wake mwingine, na haufanani na huo. Marekani na Kanada ni 1. Japani, Ulaya na nchi za Ghuba ni 2, pamoja na Afrika Kusini na Misri. Sehemu kubwa ya Afrika iliyobaki, sisi tukiwamo, ni 5, kundi moja na India na Urusi. Ndiyo maana Mmarekani anaweza kuagiza Blu-ray ya Japani ikacheza sebuleni kwake bila shida, lakini DVD ya Japani ikamgomea. Na ndiyo maana ndugu yako aliyeko Maskati anaweza kucheza DVD ya Uingereza ambayo kwako Tanga inakataa, ilhali Blu-ray mko eneo moja.

Sasa habari njema. Boksi la 2012 lina DVD humo humo, na deki nyingi za DVD zinazouzwa madukani kwetu, hasa zile za bei nafuu, hazijali namba. Zimefunguliwa tangu kiwandani au zinafunguliwa kwa tarakimu chache kwenye rimoti. Weka diski ya DVD kwanza. Ikicheza, una Lain ya kutazama leo, na suala la Blu-ray utalitafutia nafasi.

Deki za Blu-ray ni ngumu zaidi. Rimoti peke yake mara nyingi haitoshi. Zile zinazocheza maeneo yote zimefanyiwa kazi ndani, ama kwenye programu ama kwa kuongezwa kipande, na huuzwa zikiwa hivyo. Usimruhusu mtu akuwekee programu ya deki ya modeli nyingine eti zinafanana. Nimeona deki nzima ikigeuzwa kizuizi cha mlango kwa njia hiyo.

PlayStation ina mtego wake. Michezo ya PS3, PS4 na PS5 kwa kawaida haina kufuli la maeneo, kwa hiyo watu hudhani na filamu ni hivyo hivyo. Siyo. Kwa Blu-ray za filamu mashine inafuata eneo ilikouzwa. PS4 iliyoletwa na mtu kutoka Dubai ni B. Iliyotoka Minneapolis kwenye begi la shangazi ni A, na hiyo ndiyo itakayoicheza Lain yako. PS5 isiyo na tundu la diski haitakusaidia chochote.

Kwenye kompyuta, kufuli la DVD liko kwenye kifaa chenyewe cha kusomea diski: unaruhusiwa kubadilisha eneo mara tano, halafu linabaki pale pale daima. Watu humaliza nafasi hizo kwa mchezo mchezo. La Blu-ray liko kwenye programu ya kuchezea, si kwenye kifaa. Na ukumbuke Windows haiji na programu ya kucheza Blu-ray. Ukiweka diski ukaona mafaili tu, hakuna kilichoharibika, hujawa tu na programu.

Deki ya ng'ambo, umeme wa nyumbani

Aliyeshindwa na eneo B huishia kuagiza deki ya eneo A. Hapo ndipo nilipopigwa.

Binamu yangu alirudi kutoka Japani na deki ndogo nyeusi, safi, ya mkononi. Nilikuwa nimeisubiri miezi minne. Nikaweka adapta ya kichwa cha waya, nikachomeka ukutani. Ikasema pa! mara moja tu, kisha harufu kama ya samaki aliyeungulia kwenye plastiki. Taa haikuwaka hata kidogo.

Niliipeleka Kariakoo kwa fundi ninayemwamini. Akafungua skrubu nne, akanusa kabla hata ya kuangalia, akacheka.

"Kaka, hii imekufa au umeiua?"

"Niliichomeka tu, fundi."

"Umesoma hapa nyuma?" Akageuza kifuniko, akaweka ukucha chini ya maandishi. AC 100V. "Wewe umeipa mia mbili thelathini. Hata wewe ukipewa chakula cha watu wawili na nusu kwa mpigo utapasuka."

Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, Marekani ni 120, kwetu ni 230 na ushei. Adapta ya kichwa inabadilisha umbo la miguu tu, haigusi volti. Kabla ya kuchomeka kifaa chochote cha ng'ambo, geuza usome nyuma. Kikiandikwa 100-240V, kinakula chochote, tafuta kichwa kinachoingia tu. Kikiandikwa 100V au 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati zinazozidi za deki kwa nafasi ya kutosha. Tofauti ya hezi 50 na 60 haisumbui deki za siku hizi.

Yangu ilipona. Fundi alitoa bodi ya umeme kwenye deki nyingine ya volti 100 iliyokufa lenzi, volti za upande wa pili zikalingana, akaifunga kwa nyaya. Lakini si kila deki ina bahati hiyo, na mara nyingine cheche inapita hadi bodi kuu. Na ukishaitengeneza, iweke kwenye gadi kama unavyoiwekea friji, maana umeme unaporudi baada ya kukatika huja na hasira.

Skrini nyeusi, au "hakuna mawimbi"

Deki inawaka, diski inazunguka, runinga inasema haioni kitu. Kama menyu ya deki inaonekana lakini picha inapotea pale sehemu inapoanza kucheza, karibu kila mara ni fremu 24. Anime kwenye Blu-ray kwa kawaida imehifadhiwa kwa fremu 24 kwa sekunde na deki inajaribu kuitoa hivyo hivyo, ila runinga za zamani hazikubali. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya deki, tafuta 24p, izime. Kama hata menyu haionekani, jaribu waya mwingine wa HDMI na tundu lingine la runinga kabla ya kuanza kufikiria makubwa. Kipokea sauti kilichokaa katikati ya deki na runinga nacho kitoe kwanza, uunganishe moja kwa moja.

Mwenye runinga ya kichogo na DVD ya Marekani ana shida ya aina yake: picha haina rangi, au inapanda juu bila kukoma. DVD hizo ni za NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, na runinga ni ya PAL, mfumo wa kwetu. Kwenye menyu ya deki badilisha mfumo wa runinga uwe PAL. Runinga bapa hazina tatizo hili.

Picha ipo lakini haipendezi

Hapa ndipo watu huharibu kazi ya wenzao kwa rimoti.

Lain ilitengenezwa kwa runinga za mraba, uwiano wa 4:3. Kwenye Blu-ray picha inachukua upana wa nukta 1440 kati ya 1920, na pembeni panabaki mihimili miwili myeusi. Mihimili hiyo ni sehemu ya toleo. Ukiinyoosha picha ijaze skrini, Lain anakuwa na uso wa chapati. Ukiikuza, unakata robo nzima ya urefu wake, juu na chini. Na juu ndiko ziliko zile nyaya za umeme zinazopita angani sehemu baada ya sehemu. Kuzikata ni kama kukata ngoma kwenye taarabu. Kwenye Blu-ray weka runinga kwenye 16:9 ya kawaida uiache. Kwenye DVD hakikisha deki au runinga inaiacha picha kwenye 4:3, isije ikaivuta yenyewe.

Chembechembe zinazochemka kwenye anga na kuta si kelele za waya. Anime hii ilipigwa kwa filamu, na hizo ni chembe za filamu. Runinga mpya ina kipengele cha kupunguza kelele ambacho huziona kama uchafu, kikazipangusa pamoja na mistari myembamba ya ABe, ukabakiwa na ngozi ya nta. Kizime. Ukali wa picha nao ushushe, mara nyingi hadi karibu na sifuri, utaona ule mng'ao mweupe kandokando ya nywele ukiondoka. Lakini zile skrini za kompyuta na vipande vya Wired vilivyotengenezwa kwa tarakilishi za mwaka 1998 vitabaki na ukungu wake hata ufanye nini. Hakuna kilichopotea. Havikuwahi kuwa na ukali huo.

Kulainisha mwendo ndiko kubaya kuliko yote. Mchoraji wa anime hachori picha 24 kwa sekunde. Mchoro mmoja hukaa fremu mbili au tatu, na Lain ina vipindi virefu ambavyo hakuna kinachosogea ila jicho. Runinga ikianza kubuni fremu za katikati, kichwa kinapogeuka utaona kivuli cha pua kikifuata nyuma kama moshi. Kila kampuni imekipa kipengele hiki jina lake, ila utakikuta kwenye mipangilio ya picha karibu na neno la mwendo. Zima. Kama hupati, chagua hali ya sinema, mara nyingi inakizima yenyewe.

Sauti haitoki, au maneno yako mbali

Muziki unasikika na mazungumzo yamefifia: deki inatoa sauti ya chaneli 5.1 wakati wewe una spika mbili za runinga. Weka sauti kuwa stereo, au PCM, yaani sauti isiyobanwa. Kimya kabisa: runinga haielewi aina ya sauti inayopelekewa, hasa DTS, ambayo runinga nyingi hazina. Dawa ni ile ile, PCM. Ukizungumza Kijapani hata kidogo, au kusoma maandishi ya chini si kero kwako, chagua sauti ya Kijapani. Hiyo ndiyo iliyorushwa 1998.

Kuhusu maandishi ya chini, jambo moja tu. Diski nyingi za anime za Marekani zina njia mbili za maandishi: moja ya mazungumzo yote, nyingine ya mabango na vibao tu kwa anayesikiliza Kiingereza. Ukiona bango limetafsiriwa lakini watu wanaongea bila maandishi, uko kwenye njia ya pili. Badilisha kwa rimoti au rudi kwenye menyu. Diski za Kijapani mara nyingi hazina maandishi ya Kiingereza hata kidogo, na hilo ulijue kabla hujalipa.

Inaganda mahali pamoja

Sasa tumefika kwenye diski yenyewe. Miraba, kuganda, kuruka.

Kwanza angalia ni wapi. Diski husomwa kuanzia ndani kwenda nje. Ikigoma mwanzoni kabisa, chunguza karibu na tundu la katikati, mara nyingi kuna ufa mwembamba uliotokana na kung'oa diski kwa nguvu kwenye kasha. Ila diski zenye tabaka mbili, na nyingi za filamu ni hizo, zinaenda nje hadi ukingoni kisha zinageuza na kurudi ndani kwenye tabaka la pili. Maana yake ukingo wa nje, unaoshikwa na vidole vya watoto, ndio katikati ya mchezo. Diski ikisumbua kwenye sehemu za katikati tu, tazama ukingoni.

DVD ikisita nusu sekunde katikati na kuendelea, mahali pale pale kila siku, na bila miraba, ndiyo hiyo: lenzi inahama tabaka. Acha.

Kupangusa kuna namna yake. Kitambaa laini cha miwani, maji kidogo na tone la sabuni ya vyombo, kutoka katikati kunyoosha hadi ukingoni, si kwa kuzungusha. Deki inaweza kukisia taarifa iliyopotea kwenye mkwaruzo unaokatiza njia, lakini mkwaruzo unaofuata njia unaifuta kwa mfululizo, na kupangusa kwa mduara ndiko kunakouchora huo.

Dawa ya meno, tafadhali, usithubutu. Najua ilikuokoa kwenye CD za bongo fleva. Kwenye DVD taarifa ziko milimita 0.6 ndani ya plastiki, kuna nyama ya kusugua. Kwenye Blu-ray ziko milimita 0.1 tu kutoka juu, chini ya gamba gumu lililowekwa makusudi ili lisikwaruzike. Ukilisugua unaling'oa, na hapo hakuna fundi. Diski ya Blu-ray yenye mkwaruzo unaoshikika kwa ukucha ni ya kutafutia mbadala.

Kama ni diski zote za Blu-ray zinazogoma na DVD zinacheza bila tabu, usihangaike na kitambaa. Deki ina mwanga wa aina mbili, wa zambarau kwa Blu-ray na mwekundu kwa DVD, na mmoja unaweza kufa mwenzake akiwa hai. Kinyume chake pia hutokea. Hiyo ni kazi ya kubadilisha lenzi, na kwa deki za bei ndogo lenzi mara nyingi inakaribia bei ya deki nyingine.

Kwa tunaoishi pwani, unyevu ni adui anayekula polepole. Ukungu hupenda karatasi kuliko plastiki, kwa hiyo litaanza boksi la nje kuvimba pembe na kijitabu kushikana kurasa. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye mikoba na viatu usivitupe, viweke ndani ya kabati. Diski iliyotoka chumba chenye kiyoyozi ipe dakika chache kabla ya kuiingiza kwenye deki chumba chenye joto. Ukiona imepata umande, hiyo peke yake inatosha kuifanya igome.

Kila kitu kinasumbua, na bei ilikuwa nzuri

Basi huenda ni feki. Matoleo ya zamani yakishaadimika, wanaojaza pengo hawakosekani. Geuza diski uangalie duara la ndani karibu na tundu, upande unaosomwa. Diski zilizopigwa viwandani kwa kawaida huwa na herufi ndogo sana za IFPI zikifuatwa na namba. Chukua tochi ya simu. Pasipo na chochote, na rangi ya diski ikawa ya zambarau au kahawia kama zile tupu za kurekodia, umeuziwa nakala. Nyuma ya kasha napo: Lain ya Marekani haiandikwi kwamba inacheza maeneo yote. Anayeandika hivyo anakusaidia kumtambua. Sehemu zote 13 zikibanwa kwenye DVD moja, miraba utaiona hata diski ikiwa mpya, kwenye kila mandhari yenye giza, na Lain ni giza tupu.

Kama boksi lako ni la Funimation la miaka ya baadaye na karatasi ya ndani ina namba ya kupata nakala ya mtandaoni, usipoteze jioni ukiihangaikia. Huduma hiyo ilifungwa Aprili 2024, na nakala hizo zikaenda nayo.

Mvumo

Nimeuacha mwisho kwa sababu ndio ulionitesa zaidi.

Nyaya za umeme kwenye Lain zinavuma. Tokyo iko upande wa mashariki wa Japani, unaotumia umeme wa hezi 50, sawa na wetu. Kwa hiyo mvumo wa kwenye hadithi na mvumo wa waya mbovu nyumbani kwako ni ndugu wa karibu, na sikio haliwezi kuwatenganisha. Kitufe cha pozi kinaweza. Simamisha picha. Mvumo ukikatika, ulikuwa wa Nakamura. Ukiendelea, ni wa kwako.

Wa kwako mara nyingi unatokana na vifaa kuchukua ardhi ya umeme sehemu tofauti. Chomeka deki, runinga na spika kwenye ekstensheni moja. Bado? Chomoa waya wa antena au wa dishi nyuma ya runinga, mara nyingi ndio mkosaji. Kompyuta ya mkononi ikiwa imeunganishwa, chomoa chaja yake usikilize. Waya wa sauti wa mwanga ukiuweka badala ya ule wa shaba, mvumo hauna pa kupita, kwa sababu ndani yake hakuna umeme.

Mimi niliyafanya yote hayo. Nikasimamisha picha, mvumo upo. Nikachomoa dishi, upo. Nikazima spika, nikazima runinga, chumba kikawa giza, na bado ukawa unavuma chini ya meza kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Nikapiga magoti nikaweka kiganja. Ilikuwa transfoma, ile ile niliyonunua ili deki ya Kijapani isife mara ya pili.

Nimeisogeza nyuma ya kabati, juu ya kipande cha godoro. Kwenye sehemu ya kwanza, Lain anaposimama chini ya nguzo, huwa bado nabonyeza pozi.